SOMO: JINSI YA KUPIMA UFUNDI WA VIUNGIO KATIKA UKUTA WA MATOFALI USIOPIGWA LIPU

Somo hili limekusudiwa kwa makatibu wa vyama, wajumbe wa bodi na wanachama ambao chama chao kinajenga, au kinatazamia kujenga, ghala, ofisi au duka kwa matofali ya kuchoma. Yafaa lisomwe kwa sauti katika kikundi, na mwisho wa kila sehemu wasomaji wasimame kidogo ili wazungumze. Ikiwa kijijini pana ukuta wa matofali ulio wazi, kikundi kikutane karibu nao, na mmoja wenu aje na rula.

1. Kisa kilichonifundisha

Kazi yangu ni kukagua vitabu vya vyama, wala mimi si mwashi. Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa katika chama kimoja cha wakulima katika nyanda za juu za kusini mwa Tanzania, nikimalizia hesabu za msimu. Chama hicho kilikuwa kimekwisha kupandisha kuta za ghala jipya, nacho kilikuwa kimeazimia kutozipiga lipu upande wa nje ili kupunguza gharama. Siku hiyo fundi alikuwa akisubiri malipo yake ya mwisho. Mwenyekiti akaniambia, "Ndugu Mkaguzi, wewe umetembelea vyama vingi. Hebu tutazamie ukuta huu kabla hatujatia sahihi."

Nilisimama hatua kumi kutoka ukutani. Niliona mistari imenyooka na matofali yamesafishwa vizuri. Nikasema, "Hii ni kazi nzuri." Hundi ikaandikwa, fundi akaenda zake.

Mvua za Januari zilipokuja, ukuta unaopigwa na upepo ulilowa hata upande wa ndani. Magunia 14 ya maharage yaliyokuwa yameegemezwa kwenye ukuta huo yakaota ukungu. Niliporudi, mama mmoja mwanachama, ambaye magunia mawili kati ya hayo yalikuwa yake, alichuma unyasi mkavu akauingiza katika kiungio kilicho baina ya matofali mawili. Unyasi ukazama urefu wa kidole kizima. Kisha akaniuliza kwa upole, "Mwanangu, siku ile ulitazama nini?" Sikuwa na jibu.

Fundi naye alipoitwa alikuwa na lake la kusema. "Wazee wangu, mliniambia nimalize kabla ya msimu wa mazao. Na saruji iliyoletwa ilikuwa pungufu ya ile niliyoandika. Nikajaza usoni ipendeze, ndani nikabania." Katibu alipofungua jalada aliona kwamba maneno hayo yalikuwa kweli: fundi aliandika mifuko 60 kwa ajili ya kuta, bodi ikanunua mifuko 45.

Kwa hiyo kosa lile lilikuwa la watu watatu: fundi aliyeficha, bodi iliyobana, na mkaguzi aliyetoa hukumu kutoka mbali. Tangu hapo nimejifunza kwa mafundi wenyewe, na hayo niliyojifunza ndiyo ninayoyaeleza hapa. Neno kubwa la kukumbuka ni hili: kiungio hupimwa siku kinapojengwa, si siku ya kulipa, nacho hupimwa kwa mkono, kwa rula na kwa ujiti, si kwa jicho peke yake.

2. Kiungio ni nini, na kazi yake ni ipi

Kiungio, ambacho mafundi wengi hukiita jointi, ni nafasi iliyo baina ya tofali na tofali, ikiwa imejazwa mchanganyiko wa saruji, mchanga na maji. Mchanganyiko huo mafundi huuita mota, nasi tutaliita jina hilo. Viungio ni vya namna mbili. Kiungio cha kulala ni kile kinachotandazwa juu ya mstari mzima wa matofali ili mstari mwingine ukae juu yake. Mstari huo mafundi huuita kozi. Kiungio cha kusimama ni kile kilicho baina ya ncha za matofali mawili yanayofuatana katika kozi moja.

Kazi za kiungio ni tatu. Kwanza, hueneza uzito wa ukuta na paa ili kila tofali libebe fungu lake. Pili, huyashika matofali pamoja. Tatu, huzuia mvua, upepo na wadudu visipenye. Katika ukuta uliopigwa lipu, kazi hii ya tatu husaidiwa na lipu. Katika ukuta ulio wazi hakuna msaidizi. Kiungio kikishindwa, maji yameingia.

Mtu asidhani kwamba ukuta ulio wazi ni dalili ya umaskini. Kanisa kuu la Namirembe mjini Kampala, lililowekwa wakfu mwaka 1919, na kanisa la Mtakatifu Mikaeli mjini Blantyre, Malawi, lililojengwa kati ya mwaka 1888 na 1891, yote mawili ni ya matofali ya kuchoma, nayo yangali yanatumika. Ukuta wa namna hii huweza kudumu kuliko mjukuu wa aliyeujenga, mradi ujengwe kwa uangalifu na utunzwe.

Kwa chama cha ushirika jambo hili lina uzito zaidi. Mazao yaliyomo ghalani ni mali ya watu wengi. Na tangu Tanzania ilipotunga Sheria ya Stakabadhi za Ghala mwaka 2005, gunia lililopokelewa katika ghala lenye leseni ni mali iliyoandikwa, ambayo mkulima aweza hata kuiwekea rehani benki. Ukuta unaovuja huharibu mazao, na pamoja nayo huharibu imani ya wanachama.

3. Kabla ya kujenga: tazama vinavyotengeneza kiungio

Mambo manne yaangaliwe kabla tofali la kwanza halijawekwa.

(a) Mchanga. Chukua mchanga mkavu ganjani, uusugue, kisha uutupe. Ukiacha vumbi jingi au utando wa udongo kiganjani, mchanga huo ni mchafu. Kipimo bora zaidi ni cha chupa: jaza mchanga hadi nusu ya chupa nyeupe, tia maji yenye chumvi kidogo, tikisa kwa nguvu, kisha uiache saa chache itulie. Mchanga utakaa chini na tope litatanda juu yake. Tope likizidi kiasi cha sehemu 1 katika 12 za kina chote, mchanga huo uoshwe au utafutwe mwingine. Mchanga wa ufukoni mwa bahari usitumike, kwa sababu chumvi yake huvuta unyevu na kutoa madoa meupe.

(b) Kipimo cha mchanganyiko. Kwa kuta za kawaida za ghala, sehemu 1 ya saruji kwa sehemu 6 za mchanga hutosha. Pakipatikana chokaa ya kujengea, sehemu 1 ya saruji, 1 ya chokaa na 6 za mchanga hutoa mota laini, inayoshika vizuri na isiyopasuka upesi. Chini ya utando wa kuzuia unyevu, ambako ukuta hulowa daima, mota huongezwa nguvu hadi 1 kwa 4 au 1 kwa 3. Wengine hudhani kuwa saruji ikizidi ndipo ukuta unapokuwa bora. Sivyo. Mota iliyo ngumu kupita tofali hunywea na kupasuka inapokauka, na ukuta unaposogea kidogo, ufa hupita katikati ya matofali badala ya kupita kiungioni ambako ungezibwa kwa urahisi.

Mchanganyiko upimwe kwa boksi, usipimwe kwa koleo, maana koleo moja hujaa na jingine halijai. Mfuko mmoja wa saruji wa kilo 50 una ujazo wa takriban lita 35. Boksi la mbao lenye sentimita 30 kwa 30 na kina cha sentimita 40 huingiza lita 36, nalo lafaa sana: mfuko mmoja kwa maboksi sita ya mchanga.

(c) Maji. Mota ikishatiwa maji itumike ndani ya muda wa saa 2. Ile iliyoanza kushika na kuongezwa maji ili ilainike tena imekwisha kupoteza nguvu zake. Mkiona fundi amechanganya mifuko mitatu kwa mara moja asubuhi, nanyi mnajua kwamba ana msaidizi mmoja tu, ulizeni mota ya mchana itakuwaje.

(d) Matofali yenyewe. Tofali kavu la kuchoma hunywa maji upesi. Likiwekwa juu ya mota likiwa kavu, hunyonya maji yote, na mota hubaki kama unga usioshika. Kwa hiyo matofali yaloweshwe kabla, lakini yasiwe yanachuruzika maji wakati wa kuwekwa, kwani hapo huteleza na kuchafua uso wa ukuta.

4. Siku ya kujenga: kipime kiungio kingali kibichi

Hii ndiyo sehemu iliyo muhimu kuliko zote, na ndiyo inayosahauliwa. Ukuta ukikwisha, kilicho ndani yake kimefichika. Bodi na ichague wajumbe wawili wafike kazini angalau mara moja kila siku, kwa saa tofauti, wala wasimpe fundi taarifa.

Jambo la kwanza wanalolitazama ni ujazo wa kiungio cha kulala. Fundi mzuri hutandaza mota kwa upana wote wa ukuta na kuilaza kwa mwiko karibu sawasawa. Fundi mwenye haraka huchora mfereji mrefu katikati ya mota kwa ncha ya mwiko, ili tofali litulie kwa pigo moja. Mfereji huo ukiwa wa kina kirefu haufungi, na ndani ya ukuta hubaki njia ya maji na maficho ya wadudu. Njia ya kujua ni rahisi. Mwombeni fundi, kwa heshima, anyanyue tofali moja aliloliweka sasa hivi. Tazameni tumbo lake. Mota ikiwa imelishika karibu eneo lote, kiungio kimejaa. Ikiwa imeshika kingo tu na katikati pakavu, kiungio ni kitupu. Tofali hilo lisirudishwe juu ya mota ileile. Litandaziwe mota mpya.

Jambo la pili ni kiungio cha kusimama. Hapa ndipo udanganyifu hutokea mara nyingi. Fundi anayetaka kuharakisha hupaka mota kidogo kwenye ukingo wa nje wa ncha ya tofali, akalisukuma, nasi tulio nje tukaona kiungio kimejaa. Ndivyo lilivyofanywa ghala la kisa chetu. Fundi mwaminifu hupaka ncha nzima, na tofali likisukumwa, mota hutokeza juu na pembeni. Mota inayotokeza ni shahidi. Isipotokeza mahali popote, ulizeni sababu.

Jambo la tatu ni shimo la tofali. Matofali ya namna nyingine yana kishimo upande mmoja. Kishimo hicho kielekee juu, kipate kujazwa mota. Kikielekea chini, hewa hubaki ndani na uzito hubebwa na kingo peke yake.

Jambo la nne ni kupishana. Kiungio cha kusimama cha kozi moja kisikae juu ya kiungio cha kusimama cha kozi iliyo chini yake. Vipishane kwa nusu ya tofali, au kwa uchache robo yake. Viungio vikifuatana kwenda juu kama ngazi ya mstari mmoja, hapo ndipo ufa utakapopita.

Jambo la tano ni urefu wa siku moja. Ukuta usipandishwe zaidi ya mita 1.2 hadi 1.5 kwa siku, kwa kuwa mota ya chini bado ni mbichi na uzito huikamua. Jioni ukuta mpya ufunikwe, na kwa siku zipatazo saba za mwanzo unyunyiziwe maji ili usikaushwe na jua kwa ghafula. Saruji haipati nguvu kwa kukauka. Huipata kwa kukaa na unyevu.

5. Uso wa kiungio

Mota ikiisha kuanza kushika, hata ukiibonyeza kwa dole gumba alama hubaki bila mota kung'ang'ania kidoleni, ndipo uso wa kiungio unapotengenezwa. Ukitengenezwa mapema mno, hupakaza matofali. Ukichelewa, hubomoka chini ya kifaa. Nyuso za kiungio ziko za namna nne zinazoonekana sana.

Uso wa mviringo kwa ndani hufanywa kwa kupitisha nondo laini iliyopindwa au kipande cha bomba jembamba. Kifaa huikandamiza mota, huifunga vitundu, na huibana kwenye kingo za matofali. Kwa ukuta unaopigwa na mvua, huu ndio bora.

Uso wa mteremko huingia ndani kidogo upande wa juu na kutoka nje upande wa chini, hata maji yakateremka juu ya tofali la chini. Huu pia ni mzuri. Lakini jihadharini usifanywe kinyume: ukiingia ndani upande wa chini, juu ya kila tofali hutokea kidaraja ambacho maji hukaa.

Uso wa sawasawa ni ule ambao mota imekatwa ikalingana na matofali. Hufaa, hasa kwa matofali ambayo kingo zake hazikunyooka, mradi mota imebanwa na haikukatwa tu kwa mwiko ikaachwa.

Uso wa kuzama ni ule ambao mota imekwanguliwa ikarudi ndani, na kila tofali likatokeza na kivuli chake. Wengi huupenda kwa kuwa hupendeza machoni. Lakini maji hutuama juu ya kila tofali. Ndani ya nyumba, au chini ya baraza, hauna madhara. Kwa ukuta wa ghala unaotazama mvua, ukataliwe.

6. Ukuta uliokwisha: vipimo vitano

Endapo mmeitwa ukuta ukiwa umekwisha kujengwa, kama nilivyoitwa mimi, fanyeni vipimo hivi kwa utaratibu.

Cha kwanza, jicho. Msisimame mbele ya ukuta. Simameni pembeni yake, jicho likiwa karibu na kona, mtazame urefu wake asubuhi au jioni, jua linapoupiga kwa ubavu. Mawimbi, matofali yaliyotokeza na viungio vilivyopinda vyote huonekana. Kisha tumieni timazi kwa wima na pima maji kwa mlalo.

Cha pili, rula. Unene wa kiungio unaotakiwa ni milimita 10. Matofali ya vijijini hayalingani, kwa hiyo tukubali hadi milimita 15. Msipime kiungio kimoja; pimeni kozi kumi kwa pamoja, mahali patatu tofauti. Ikiwa tofali lina kimo cha milimita 75, kozi kumi zenye viungio vya milimita 10 ni milimita 850. Mkikuta milimita 950, viungio ni vya milimita 20.

Hapa katibu na achukue kalamu. Tuchukue matofali yenye urefu wa milimita 230, upana 110 na kimo 75, yaliyojengwa ukuta wa unene wa milimita 110. Kwa viungio vya milimita 10, mita moja ya mraba hutumia matofali 49 na lita 17 za mota. Kwa viungio vya milimita 20, hutumia matofali 42 na lita 30 za mota. Kwa ukuta wa mita 100 za mraba, hiyo ni lita 1,700 dhidi ya lita 3,000. Mfuko mmoja wa saruji kwa maboksi sita hutoa mota ipatayo lita 200. Basi ukuta wa kwanza wataka mifuko 8 hadi 9, na wa pili mifuko 15, bila kuhesabu upotevu. Kiungio kinene humaliza saruji, hunywea zaidi, na ni dhaifu kuliko kile chembamba. Ndiyo maana fundi aliyejengeshwa kwa matofali yaliyopinda hulalamika kwamba saruji haimtoshi. Naye ana haki ya kulalamika.

Cha tatu, ujiti. Fanyeni kama yule mama. Chagueni viungio vya kusimama ishirini, vingine chini, vingine katikati, vingine karibu na madirisha, mjaribu kuingiza unyasi mgumu au waya mwembamba. Andikeni ni vingapi vimepokea ujiti na kwa kina gani.

Cha nne, ufunguo. Mota ikiwa imetimiza wiki mbili au zaidi, kwangueni kiungio kwa ufunguo wa kawaida. Ikitoa mkwaruzo mwembamba, ni nzima. Ikimwagika kama mchanga mkavu, ilikosa saruji, au ilikosa maji, au ilitumika baada ya muda wake. Chimbeni pia kiasi cha sentimita mbili mahali pasipoonekana sana. Ziko kuta ambazo nje zimejazwa saruji, na ndani ni udongo wa kawaida. Kujenga kwa udongo si kosa, ikiwa ndivyo mlivyopatana na ndivyo mlivyolipa. Kosa ni kulipia saruji na kupewa udongo.

Cha tano, maji. Mwagieni ukuta maji polepole kutoka juu kwa muda wa robo saa, na mtu mwingine akae ndani akitazama. Maji yakitokeza upande wa pili kwa mistari inayofuata viungio, mmepata jibu. Kumbukeni tu kwamba ukuta mwembamba wa nusu ya tofali hauwezi kuzuia kabisa mvua ya upepo, hata ukijengwa na fundi bora. Ukuta wa namna hiyo wahitaji upenu mpana wa paa; msimlaumu fundi kwa paa fupi mliloliamua ninyi.

7. Kuhukumu kwa haki

Fundi ni mfanyakazi kama mkulima, na jasho lake si la kuchezewa. Haifai bodi isiyo na fedha kutafuta dosari ndogo ili icheleweshe malipo. Kwa hiyo makosa yagawanywe mafungu matatu.

Fungu la kwanza ni makosa ya kubomoa: ukuta uliopotoka kwa wima, viungio vya kusimama vilivyopangana kwenda juu bila kupishana, au mota inayomwagika mahali pengi. Haya hayaponywi kwa kupaka kitu juu.

Fungu la pili ni makosa ya kutengeneza: viungio vitupu hapa na pale, uso uliozama, au vitundu. Haya hurekebishwa kwa kukwangua mota hadi kina cha milimita 15 hadi 20, kufagia vumbi, kulowesha, kisha kujaza mota mpya kwa kuisukuma ndani kidogo kidogo na kuibana. Mota ya kujazia isiwe ngumu kuliko ile ya mwanzo. Kupaka saruji juu ya kiungio kichafu bila kukwangua si matengenezo. Itabanduka msimu ujao.

Fungu la tatu ni kasoro za kusamehewa: tofauti ndogo za rangi ya mota, kiungio kimoja kimoja kilichozidi unene kwa sababu ya tofali lililopinda, au unga mweupe unaotokea usoni mwa ukuta mpya. Unga huo ni chumvi iliyotolewa na maji yanayokauka. Upigwe brashi kavu, usioshwe kwa maji; aghalabu hupungua wenyewe. Ukirudi kila mwaka mahali palepale, tafuteni maji yanakotoka.

8. Mapatano na daftari

Mengi ya hayo hayatakuwa na ugomvi ikiwa yameandikwa mapema. Mapatano na fundi yaeleze kipimo cha mchanganyiko, unene wa kiungio, namna ya uso, na idadi ya mifuko iliyokubaliwa kwa hesabu. Kabla ya kuanza, fundi ajenge ukuta mdogo wa mfano, wa mita moja kwa mita moja. Bodi ikiukubali, uachwe usimame hadi kazi iishe, nao ndio uwe mwamuzi. Malipo yafuate hatua za kazi, na sehemu moja ya kumi ibakizwe hadi mvua za kwanza zipite, fundi akiwa amekubali hivyo kwa sahihi yake.

Katibu afungue daftari la ujenzi. Kila siku aandike mifuko iliyotumika, kozi zilizojengwa, majina ya wajumbe waliofika na walichokiona. Mjumbe anayeandika "nimeona tofali limenyanyuliwa, mota imeshika" amekitendea chama wema mkubwa kuliko anayesema mkutanoni kwamba kazi inaendelea vizuri.

Na hata ukuta ukiwa mzuri namna gani, magunia yasiegemezwe juu yake. Yawekwe juu ya chaga, mbali na ukuta kiasi cha mtu kupita akikagua.

9. Mwisho wa kisa

Ghala lile halikubomolewa, kwani kosa lake lilikuwa la fungu la pili. Mkutano mkuu uliamua chama kinunue saruji iliyopunguzwa, na fundi arudi ajaze viungio kwa nusu ya ujira. Alikubali, akaja na wasaidizi wawili, na safari hii wajumbe walishika zamu. Yule mama alifika kila siku akiwa na unyasi wake. Ghala likahimili mvua za mwaka uliofuata. Wenye magunia 14 walilipwa kutoka akiba ya chama, nami nikaandika katika taarifa yangu ya ukaguzi, pamoja na makosa ya wengine, kosa langu mwenyewe.

Maswali ya kuzungumza katika kikundi

1. Kiungio kina kazi gani tatu? Ni ipi inayotegemewa zaidi katika ukuta usiopigwa lipu, na kwa nini?
2. Kwa nini haifai kuongeza saruji kupita kiasi?
3. Fundi amekataa kunyanyua tofali mlilomwomba. Mtamwambia nini, na mtaandika nini katika daftari?
4. Tofali lina kimo cha milimita 80. Kozi kumi zimepimwa zikawa milimita 950. Kila kiungio kina unene gani? Je, mtaukubali?
5. Katika kisa cha somo hili, je, uamuzi wa mkutano mkuu ulikuwa wa haki kwa fundi na kwa wanachama? Ninyi mngeamua vipi?

Zoezi: Nendeni kwenye jengo moja la chama chenu au la kijiji. Fanyeni vipimo vya rula, ujiti na ufunguo. Yagaweni mliyoyaona katika mafungu matatu, kisha katibu asome matokeo katika kikao kijacho cha bodi.